Nafasi Moja Iachwe Wazi: Namna Triazoli Inavyoifanya Metali Kuwa Kichocheo

Anayeingia duka la dawa pale Mwembe Tayari, Mombasa, kununua flukonazoli kwa ajili ya fangasi hutoka na pete mbili za triazoli katika kila molekuli ya dawa aliyonunua. Pete hizo ndizo zifanyazo kazi. Nitrojeni moja ya triazoli hujishikiza kwenye atomu ya chuma iliyo katikati ya kimeng'enya ambacho fangasi hukitegemea kutengeneza utando wa seli zake. Mahali hapo ndipo oksijeni ilipopaswa kutua. Triazoli ikishakaa, oksijeni haina pa kukaa, kimeng'enya husimama na fangasi hukwama.

Ndugu yake, benzotriazoli, hufanya jambo la namna hiyo kwenye shaba. Huchanganywa kwa kiasi kidogo katika maji ya kupozea mitambo ili mabomba ya shaba yasiliwe: hujipanga juu ya uso wa metali, huungana na shaba, na kuacha utando mwembamba ambao oksijeni na chumvi hupata taabu kuupenya. Kwa mji wa pwani ambako hewa yenyewe ina chumvi, faida yake haihitaji maelezo marefu.

Katika mifano yote miwili triazoli imeizima metali. Wanakemia nao huichukua pete hiyo hiyo, wakaifunga kwenye shaba, ruteniamu, paladiamu au iridiamu, na wakapata vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kuisha, vinavyofanya kazi vizuri kuliko chumvi tupu za metali hizo. Yawezekanaje? Hesabu nafasi. Metali ikijazwa pande zote na vitu visivyotoka, imezimwa. Ikibakiwa na nafasi moja, au ikiwa kilichoikalia nafasi hiyo huondoka kwa urahisi, inaweza kuchochea. Karibu kila kosa linalotokea maabara katika kazi hii, kuanzia kutengeneza ligandi hadi kupima kasi, ni kosa la nafasi: kitu fulani kimekalia mahali ambapo hakikutakiwa.

Pete yenyewe

Triazoli ni pete ya atomu tano: nitrojeni tatu na kaboni mbili. Nitrojeni zikifuatana zote tatu ni 1,2,3-triazoli. Kaboni moja ikiingia kati ya nitrojeni ya pili na ile nyingine, inakuwa 1,2,4-triazoli, ile ya flukonazoli. Makala haya yatakaa zaidi na ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayotengenezeka kirahisi na ndiyo iliyojaa katika kazi za vichocheo za miaka 20 iliyopita.

Ligandi ni molekuli au ioni inayoikopesha metali jozi ya elektroni na kushikamana nayo. Metali za mpito, zile za katikati ya jedwali la elementi, zina mahali pa kupokea jozi kadhaa za namna hiyo, kwa kawaida nne hadi sita. Metali pamoja na ligandi zake huitwa kompleksi. Kwenye 1,2,3-triazoli iliyofungwa vikundi vya pembeni kwenye nitrojeni namba 1 na kaboni namba 4, mahali pa kwanza pa kushikia ni nitrojeni namba 3. Nitrojeni namba 2 hushika kwa udhaifu zaidi. Kaboni namba 5 nayo inaweza kushika, na kwa nguvu kubwa, lakini mpaka itayarishwe kwanza, tutaifikia.

Nitrojeni hiyo ya tatu inashika kwa nguvu gani? Kipimo cha haraka ni ubesi, unaosomwa kwa namba iitwayo pKa: ikiwa kubwa, besi ina nguvu zaidi. pKa ya umbo lenye protoni la imidazoli ni takriban 7, la piridini ni 5.2, na la 1,2,3-triazoli ni takriban 1.2 tu. Triazoli ni besi dhaifu sana, na ikiwa peke yake mara nyingi husukumwa kando na kiyeyushi. Ndiyo maana wengi huifunga pamoja na piridini katika molekuli moja: piridini hushika upande mmoja, triazoli upande wa pili, na metali inabanwa katikati kwenye pete mpya ya atomu tano. Ligandi maarufu ya aina hii ni 2-(1-benzili-1,2,3-triazoli-4-ili)piridini. Kwa ufupi tuiite piridili-triazoli. Ukilinganisha na bipiridini, ambayo ina piridini mbili, hii ina mkono mmoja imara na mwingine mlegevu kidogo, na ulegevu huo una manufaa yake.

Kompleksi inayochochea ni kama gati pale Kilindini: meli itie nanga, ishushe, ipakie, iondoke, ndipo ifuatayo iingie. Meli isiyoondoka huua bandari sawasawa na gati lililobomoka.

Kutengeneza ligandi

Miaka ya 1960 Rolf Huisgen, kule Munich, alieleza kwa kina jinsi azidi (zenye nitrojeni tatu mfululizo) na alkaini (zenye kaboni mbili zilizofungwa mara tatu) zinavyoungana zikipashwa moto na kutoa triazoli. Tabu yake ilikuwa mbili: joto lilikuwa kubwa, na zao lilitoka mchanganyiko wa maumbo mawili, 1,4 na 1,5, yasiyotengana kirahisi. Mwaka 2002 vikundi viwili, kimoja cha Morten Meldal wa maabara ya Carlsberg huko Copenhagen na kingine cha Barry Sharpless na Valery Fokin huko California, vilionyesha kila kimoja kivyake kwamba shaba(I) huiharakisha kazi hiyo takriban mara milioni 10 na kutoa umbo la 1,4 peke yake. Meldal na Sharpless walitunukiwa Nobeli ya kemia ya 2022 pamoja na Carolyn Bertozzi. Ukitaka umbo la 1,5, tumia ruteniamu badala ya shaba. Njia hiyo ilitangazwa 2005.

Kwa alkaini ya kawaida kama fenilasetilini, shaba ya asilimia 1 hadi 5 ya moli inatosha. Kwa piridili-triazoli haitoshi, na hapa ndipo wanaoanza hukwama. Zao lenyewe ni ligandi nzuri ya shaba. Kila molekuli inayotoka inaweza kuikamata shaba iliyoitengeneza na kuizuia isirudi kazini. Ukitumia asilimia 1, mmenyuko utaanza vizuri kisha utapungua kasi hadi kusinzia. Kwa hiyo tia asilimia 20.

Vipimo vya milimoli 2 ni hivi. Kwenye chupa ya mviringo ya mL 50 weka mL 8 za kiyeyushi DMF (dimethilifomamidi) na mL 2 za maji yaliyotoneshwa. Ongeza sodiamu azidi mg 137 (milimoli 2.1), sodiamu kaboneti mg 106, salfeti ya shaba yenye maji matano mg 100, na sodiamu askobati mg 158. Kisha tia 2-ethinilipiridini mg 206 na mwisho benzili bromidi mg 342. Koroga kwa sumaku katika joto la kawaida, ndani ya kabati la kuvuta hewa, kwa saa 20. Azidi ya benzili hujitengeneza humo humo chupani na kuliwa papo hapo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kupenda njia hii. Azidi ndogo za kikaboni ni vilipuzi. Kanuni inayotumika ni kujumlisha atomu za kaboni na oksijeni, kisha kugawanya kwa za nitrojeni: jibu likiwa chini ya 3, usiitenge wala kuiweka akiba. Azidi ya benzili ina kaboni 7 na nitrojeni 3, yaani 2.3.

Askobati kazi yake ni kuishusha shaba(II) iwe shaba(I) na kuirudisha kila hewa inapoioksidisha. Myeyusho huanza na rangi ya kahawia au njano ya machungwa. Ukigeuka kuwa wa buluu au kijani kabla ya muda, askobati imekwisha. Ongeza nyingine mg 80 na ufunge chupa vizuri. 2-ethinilipiridini nayo ikaguliwe rangi kabla ya kupima: ikiwa nyeusi imeanza kujiunga yenyewe kwa yenyewe, na isafishwe kwa kutoneshwa chini ya shinikizo dogo. Kulazimisha iliyoharibika ni kupoteza azidi bure.

Kuitoa shaba ni nusu ya kazi. Mimina mL 50 za mchanganyiko wa EDTA, ambayo huikamata shaba, ya 0.1 M (moli kwa lita) katika amonia yenye maji, ongeza mL 50 za ethili asetati, na ukoroge kwa nguvu saa moja. Shaba itahamia kwenye maji, ambayo yatakuwa ya buluu. Rudia mpaka maji yatoke meupe na tabaka la juu lisiwe na ukijani wowote. Osha kwa maji mara tano kuondoa DMF, kausha kwa magnesiamu salfeti, chuja, na ukaushe kiyeyushi. Zao ni kigumu cheupe. Uzito kamili wa kinadharia ni mg 473. Mg 380 ni asilimia 80, na ni mavuno ya kuridhisha. Kwenye NMR ya hidrojeni (kipimo cha sumaku kinachoonyesha kila hidrojeni iko wapi) ndani ya klorofomu, tafuta kilele kimoja kisichogawanyika karibu na 8.05, cha hidrojeni ya triazoli, na kingine karibu na 5.58, cha CH2 ya benzili. Vilele vilivyonenepa na kulala ni dalili ya shaba iliyobaki, kwani shaba(II) ina elektroni isiyo na mwenzi inayovuruga kipimo. Usisonge mbele na ligandi ya namna hiyo. Utakuja kudai kwamba ruteniamu imechochea kumbe ni shaba.

Maonyo ya azidi hayana mzaha. Sodiamu azidi ni sumu kali. Huua kwa kukalia nafasi ya metali ndani ya kimeng'enya cha mwisho cha upumuaji wa seli, hadithi ile ile ya flukonazoli kwa sura nyingine. Ikikutana na asidi hutoa asidi ya hidrazoiki, ambayo mvuke wake una sumu na hulipuka, kwa hiyo usioshe mchanganyiko kwa asidi kabla azidi haijaisha. Usitumie dikloromethani kama kiyeyushi cha kutenga zao hili, maana pamoja na azidi iliyobaki hutengeneza diazidomethani, nayo hulipuka. Usichote kwa kijiko cha metali. Na usimwage mabaki kwenye sinki: azidi za shaba na risasi hukusanyika ndani ya mabomba kimya kimya, na fundi atakayekuja na spana mwaka ujao ndiye atakayelipa. Mabaki huharibiwa na mtu mwenye uzoefu, katika kabati la kuvuta hewa, kwa kutangulizwa sodiamu nitriti na kufuatiwa na asidi polepole. Mpangilio huo haugeuzwi.

Hewa ya pwani

Maelekezo mengi ya vitabuni yameandikwa kwa maabara zenye nyuzi 20 na hewa kavu. Tudor au Changamwe mwezi wa Mei si huko.

Potasiamu hidroksidi (KOH) ndiyo mkorofi wa kwanza. Hata mpya, vidonge vyake huwa takriban asilimia 85 tu, mabaki mengi yakiwa maji. Ukiacha kopo wazi dakika chache, huanza kutoka jasho na kufyonza hewa ya ukaa, na besi yako inageuka kaboneti. Pima haraka, funga, na kila wiki hakiki nguvu yake kwa taitresheni. Kloridi ya shaba nayo huja kwa sura mbili, kavu yenye uzito wa moli 134.5 na yenye maji mawili 170.5. Anayepima iliyolowa akidhani ni kavu anakosa zaidi ya asilimia 20 ya shaba, na hesabu zote za baadaye zinakwenda upande. Kitendanishi kilichotoka kwenye friji kiachwe chupa ikiwa imefungwa mpaka kifikie joto la chumba. Ukiifungua ikiwa baridi, umande utaingia ndani mbele ya macho yako.

Maji ya bomba ya nyuzi 29 hayatoshi kupoza mvuke kwenye kikaushio cha kuzunguka. Zungusha maji ya barafu kwa pampu ndogo ya tangi la samaki, la sivyo kiyeyushi chote kinaishia kwenye pampu au mapafuni. Kuna jambo moja tu ambalo hali yetu inalirahisisha: tert-butanoli, kiyeyushi kinachopendwa kwa mmenyuko wa azidi na alkaini, huganda kwenye nyuzi 25. Kwingine huyeyusha chupa kwanza. Mombasa humiminika tu.

Halafu kuna maji ya kisima. Sehemu nyingi za mji hutumia visima vyenye chumvi, na glasi iliyosuuzwa kwa maji hayo hubaki na kloridi. Kloridi ni ligandi, na inaipenda nafasi ile ile tunayotaka iwe wazi. Suuza ya mwisho iwe maji yaliyotoneshwa, mara tatu. Kuhakiki ni rahisi: tone la nitrati ya fedha kwenye maji ya suuza, yakipata utando mweupe, bado.

Ruteniamu: kuhamisha hidrojeni

Mfano huu ndio unaoonyesha hesabu ya nafasi waziwazi kuliko yote. Chukua ligandi yetu mg 47 (milimoli 0.2) na dima ya ruteniamu na p-saimini, ile yenye kloridi nne, mg 61 (milimoli 0.1, kila moja ina ruteniamu mbili). Koroga ndani ya mL 10 za methanoli kwa saa chache mpaka chembe za dima zimalizike kuyeyuka. Ongeza amoniamu heksafluorofosfeti mg 39 na upoze. Kompleksi hudondoka kama unga wa njano. Chuja, osha kwa methanoli baridi kidogo na etha, kisha kausha. Uzito wa moli yake ni 652.

Ruteniamu hiyo ina nafasi sita. P-saimini, pete bapa iliyoifunika juu, imechukua tatu. Piridili-triazoli imechukua mbili. Ya sita ina kloridi, na ndiyo mlango. Kwenye isopropanoli iliyotiwa besi, kloridi huondoka na isopropoksaidi huingia, huiachia ruteniamu hidrojeni moja na kutoka ikiwa asetoni. Asetofenoni huja, huchukua hidrojeni hiyo na kuondoka ikiwa 1-fenilethanoli. Hakuna mtungi wa hidrojeni unaohitajika wala chombo cha shinikizo, na kwa maabara isiyo na bajeti ya mitungi hilo ni jambo kubwa.

Fanya kwa kiwango cha milimoli 10. Watu hupenda kwenda chini zaidi ili kuokoa ruteniamu, lakini hapo utalazimika kupima kompleksi mg 3 au 6 huku feni ikizunguka juu ya mizani, na kosa la mg 1 ni kosa kubwa. Tumia kompleksi mg 33 (asilimia 0.5 ya moli), asetofenoni g 1.20, na isopropanoli mL 50. Pitisha nitrojeni ndani ya isopropanoli dakika 20 kabla ya kutia kompleksi. Chemsha chini ya kondensa, nyuzi 82, kisha tia KOH mg 66 za vidonge, sawa na mg 56 za KOH halisi, yaani asilimia 10 ya moli. Chukua sampuli ya mL 0.5 kabla ya kutia besi, kisha dakika 15, 30, 60 na 120. Kila sampuli ipitishwe kwenye kijisafu cha silika ili metali ibaki juu na mmenyuko usimame, halafu ipimwe kwa kromatografia ya gesi.

Wingi huo wa isopropanoli una kazi yake. Mmenyuko unarudi nyuma: asetoni ikizidi, inaweza kuchukua hidrojeni badala ya asetofenoni. Ndani ya mL 50 kuna isopropanoli takriban milimoli 650, mara 65 ya asetofenoni, na wingi huo ndio unaosukuma mizani mbele. Anayepunguza isopropanoli ili kubana matumizi huona ubadilishaji ukikwama katikati na kuilaumu ligandi.

Makosa mengine ya nafasi hujificha vizuri zaidi. Kompleksi haiyeyuki haraka kwenye isopropanoli, na mtu anashawishika kuiyeyusha kwanza katika asetonitrili. Asetonitrili ni ligandi. Itakaa kwenye nafasi ya sita na kasi itaporomoka, au kutakuwa na dakika kadhaa za kimya mwanzoni kabla kazi haijaanza. Mabaki ya DMF kutoka hatua ya ligandi huweza kuleta tatizo hilo hilo kwa kiasi kidogo. Wanaotaka mlango wazi tangu mwanzo huondoa kloridi kwa chumvi ya fedha, wakachuja kloridi ya fedha inayodondoka. Njia hiyo husaidia, ila chujio likiruhusu fedha ipite, sasa una metali mbili chupani na hujui ipi imefanya nini.

Stima ikikatika katikati ya jaribio, chupa ikapoa na kufyonza hewa kupitia kondensa, jaribio hilo lihesabiwe limekufa. Kuliwasha upya na kuendeleza muda ulipoachia kunatoa mchoro mzuri usio na maana.

Kama hakuna kromatografia: shaba na katekoli

Kompleksi ya shaba(II) hupimika kwa spektrofotometa ya kawaida, kifaa ambacho maabara nyingi za vyuo zinacho. Ndani ya parachichi lililokatwa kuna kimeng'enya cha shaba kinachooksidisha katekoli kwa hewa na kuleta weusi. Kompleksi zetu huiga kazi hiyo. Kitu kinachotumika ni 3,5-di-tert-butilikatekoli, kwa sababu kwinoni inayotoka ni imara na ina rangi ya njano ya kahawia inayosomeka kwenye nanomita 400. Ndani ya methanoli, mgawo wake wa unyonyaji wa mwanga ni takriban lita 1900 kwa moli kwa sentimita.

Tengeneza kompleksi kwa kuchanganya mg 47 za ligandi na mg 34 za kloridi ya shaba yenye maji mawili, uwiano wa moja kwa moja, ndani ya methanoli. Uwiano wa ligandi mbili kwa shaba moja huonekana salama zaidi kwa jicho, maana fuwele huja kirahisi. Lakini ligandi mbili zimeshakalia nafasi nne kuu za shaba, na katekoli, inayotaka kushika kwa mikono miwili, inabaki nje. Mara nyingi uwiano wa moja kwa moja ndio unaofanya kazi. Chumvi ya asetati mara nyingi huishinda ya kloridi pia, kwa kuwa asetati huondoka kirahisi na huipokea protoni ya katekoli wakati wa kuingia.

Yeyusha katekoli mg 222 katika methanoli mpaka mL 100, upate 0.01 M. Tia mL 2.85 zake kwenye kuveti ya sentimita 1, ongeza mL 0.15 za kompleksi ya 0.002 M, tikisa, na usome kila sekunde 10 kwa dakika 5. Tuseme unyonyaji unapanda kwa 0.19 kila dakika. Gawanya kwa 1900: kwinoni 0.0001 M kwa dakika. Kompleksi ndani ya kuveti ni 0.0001 M. Kila shaba imefanya mzunguko mmoja kwa dakika, yaani 60 kwa saa. Mstari usomwe mwanzoni tu, kabla haujaanza kupinda.

Askobati iliyobaki ndani ya ligandi huua kipimo hiki, kwani huirudisha kwinoni kuwa katekoli. Utaona dakika za mwanzo rangi haiji kabisa, kisha inakuja ghafla. Ndimu juu ya parachichi hufanya hivyo hivyo. Joto nalo liandikwe. Kipimo cha nyuzi 30 hakilinganishwi na cha nyuzi 25 cha makala ya watu wengine, kwani tofauti hiyo peke yake inaweza kuongeza kasi kwa karibu mara 1.4. Kuveti iwe kwenye kishikio kinachopozwa, au basi majaribio yote ya kulinganisha yafanywe siku moja.

Triazoli tatu, na kaboni namba 5

Fokin na wenzake waligundua kwamba baadhi ya mimenyuko inayozaa molekuli zenye triazoli kadhaa ilikwenda kasi isivyotarajiwa: zao lilikuwa linamsaidia kichocheo. Kutokana na hapo ikatengenezwa TBTA, iliyotangazwa 2004, yenye triazoli tatu zilizozunguka nitrojeni moja. Huikumbatia shaba(I) isioksidishwe, lakini kwa kuwa kila triazoli inashika kwa wepesi, mkono mmoja unaweza kuachia alkaini ikipita. Linganisha na piridili-triazoli iliyoing'ang'ania shaba hadi tukaongeza hadi asilimia 20: ni pete ile ile, jirani yake tu ndiye tofauti. Ndugu wa TBTA anayeyeyuka majini, THPTA, hutumika kwenye protini, kwa kawaida moli 5 kwa kila moli 1 ya shaba.

Njia ya kaboni namba 5 ilifunguliwa na kikundi cha Martin Albrecht mwaka 2008. Nitrojeni namba 3 hufungwa kwa methili, mara nyingi kwa kutumia methili iodidi, kisha hidrojeni ya kaboni ya 5 hutolewa kwa oksidi ya fedha, na kaboni hiyo huhamishiwa kwenye paladiamu, ruteniamu au iridiamu. Kifungo hiki hakitetereki kama cha nitrojeni, na hujaza metali elektroni nyingi. Kompleksi za iridiamu za aina hii zimeoksidisha maji kutoa oksijeni katika mazingira makali ambayo ligandi nyingi haziyavumilii. Ni kazi ya gharama. Anayeanza aanze na shaba.

Nani hasa amechochea?

Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba mmenyuko wa Suzuki, unaounganisha kaboni kwa kaboni kwa paladiamu, unaweza kufanyika bila metali yoyote. Mwaka 2005 watafiti hao hao walieleza sababu: sodiamu kaboneti waliyotumia ilikuwa na paladiamu ya takriban sehemu 50 kwa bilioni, na kiasi hicho kilitosha. Kwa kompleksi za paladiamu na triazoli jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu kwenye nyuzi 100 na zaidi kompleksi nyingi huvunjika na kutoa chembe ndogo za paladiamu zinazofanya kazi zenyewe. Ligandi inakuwa imetumika kama kifungashio tu.

Dalili zinaonekana kwa macho: myeyusho kuwa mweusi, kioo kupata utando unaong'aa, au mchoro wa kasi wenye kimya cha mwanzo kisha mpando wa ghafla. Jaribio la tone la zebaki linatajwa sana; zebaki ni sumu, haiaminiki kwa ruteniamu, na katika joto letu hutoa mvuke mwingi zaidi. Njia nyingine ni kuongeza kaboni disulfidi kidogo, tuseme moli 0.3 kwa kila moli ya metali. Kama kila atomu ya metali inafanya kazi peke yake, theluthi tu inapaswa kuzimika. Kazi yote ikisimama, basi waliokuwa wakifanya kazi ni wachache walio juu ya uso wa chembe.

Majaribio ya kulinganisha hufanywa kwa sumaku mpya, kwani za zamani hubeba metali ndani ya mikwaruzo ya ngozi yake. Endesha moja bila kompleksi wala besi, moja ya besi peke yake, moja ya chumvi tupu ya metali pamoja na besi, na moja ya ligandi peke yake. KOH pekee kwenye isopropanoli inayochemka inaweza kubadilisha asetofenoni kidogo bila msaada wa mtu. Kama ya besi peke yake imetoa asilimia 4 na ya kompleksi asilimia 92, basi mizunguko ihesabiwe kwa 88: milimoli 8.8 kugawanywa kwa milimoli 0.05 za ruteniamu, yaani 176.